Mtu wa Ngazini

Sumbawanga,
9 Novemba 1975

Binamu yangu Silvana,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeitikia huku umekunja uso, maana tangu Agosti sijakuandikia. Nisamehe nusu, nusu nyingine iweke unigombezee tukionana. Huku juu tu wazima. Baba, yaani mjomba wako Gaudensi, mguu umepoa na mdomo umerudi kazini. Shangazi Dominika mpe shikamoo yangu. Mwambie samaki wakavu walifika, ila wawili walipotelea mfukoni mwa dereva.

Sasa habari yenyewe. Nimehama barazani! Sipigi tena picha nje kwenye vumbi, na lile shuka la maua nililokuwa nawasimamisha watu mbele yake nimelirudisha kitandani. Nimeingia kwenye duka jipya la ushirika, lile la ghorofa. Silvana, hujaona jengo. Nguzo za duara, madirisha juu kabisa karibu na dari, na katikati ngazi ya mbao inayopanda kwa kupinda. Asubuhi jua likiingia kwa juu, mtu akisimama chini ya ngazi ile, hata kama ametoka kuchunga mbuzi, anaonekana mkuu wa mkoa.

Mtunza duka ni Leonardi. Yeye ndiye mwenye funguo na ndiye aliyeniruhusu kila Jumamosi, kwa sharti moja: rafu zisionekane tupu. Na zi tupu, dada. Kuna mabeseni, mitego ya panya na mafagio, basi. Kwa hiyo tunapanga mabeseni yote upande mmoja, nikigeuza kamera tunayahamishia upande wa pili. Kuna beseni moja jekundu limepigwa picha kuliko mtu yeyote Rukwa hii.

Watu wanakuja mpaka kutoka Kaoze. Jumamosi iliyopita bibi mmoja nilimwomba apande ngazi kidogo nimpate vizuri, akaniuliza, "Unanipandisha wapi? Mimi sijafa bado." Akapigwa picha amekaa chini, kuku mapajani.

Uniandikie. Usiwe na roho ya jiwe.

Binamu yako,
Zenon

—

Ilemba,
30 Novemba 1975

Binamu Zenon,

Milele amina. Uso haukukunjwa na wewe, umekunjwa na joto. Ninyi mnaolala na blanketi mbili hamjui bonde la Rukwa mwezi huu. Mama anaitikia marahaba, na anasema wale samaki hawakupotelea mfukoni mwa dereva, mdomo wako anaujua tangu ungali unatambaa. Darasa langu la nne wazima, ila kuzidisha kumewashinda.

Nilicheka sana lile beseni. Sikujua linanifuata.

Wiki hii amekuja mshenga, mzee mmoja wa huko kwenu juu, jasho chapachapa. Akanywa maji mpaka mama akaenda kuchota mengine. Alipopumua akatoa bahasha, ndani yake picha. Mwanamume amesimama chini ya ngazi, kifua mbele, koti, saa mkononi, viatu vinang'aa, redio ameibeba begani utadhani ndoo ya maji. Pembeni, beseni lako. Nyuma ya picha, mhuri wako. Jina la mtu: Leonardi, huyo huyo mwenye funguo.

Mshenga akanieleza taratibu. Zamani aliacha jembe. Jembe likilala kwa binti, neno limekwisha. Siku hizi vijana wa mjini hawataki kubeba jembe, wanatuma picha, lakini sheria ni ile ile. Nikikataa, niirudishe mkononi mwake yeye mwenyewe, si kwa posta, si kwa mtu mwingine. Pasaka ikiikuta picha bado iko kwangu, nimekubali. Mjomba ameshaonyeshwa na amefurahi. Tangu baba afariki, unajua neno la mjomba nyumbani hapa lina uzito gani.

Sasa wewe ulisimama mbele ya mtu huyu na jicho lako kwenye tundu. Nijibu kama ndugu: ni mtu gani? Sura usinieleze, sura ninayo.

Binamu yako,
Silvana

—

Sumbawanga,
20 Desemba 1975

Binamu mpendwa,

Noeli njema kwako na kwa shangazi. Mvua huku zimeshika, ulezi umeota vizuri, na baba ananunua bati moja moja la kuezekea jiko. Nyumbani sukari ipo, usishangae, ipo tu.

Umeniuliza habari za picha. Kwa kweli picha ile najivunia. Umeona nguzo ya kushoto ilivyopata mwanga upande mmoja tu? Hiyo si bahati, nilingoja wingu lipite. Na ngazi! Mpiga picha mwingine angeikata juu, mimi nimeiacha ipande mpaka ipotee. Waliojenga lile jengo walikuwa na akili, walijua mtu anapenda kutazama juu hata akiwa amekuja kununua chumvi.

Filamu zimekuwa za shida, kwa hiyo nitakomea hapa.

Zenon

—

Ilemba,
11 Januari 1976

Bwana Zenon,

Mwaka mpya umeanza na upumbavu wa zamani. Nimekuuliza mtu, umenijibu nguzo. Ningekuwa nakufundisha ningekupa sifuri na kukusimamisha kwenye kona.

Kimya kingi kina mshindo, nami nimeusikia. "Sukari ipo, ipo tu." Sukari inatoka wapi Sumbawanga hii? Leonardi anampelekea mjomba, kweli si kweli? Basi niambie ukweli, nimeanza kuolewa lini, maana mkinywa chai mnaninywa mimi.

Usiponiambia wewe, picha itaniambia. Nimechukua kioo cha kukuzia kutoka sanduku la sayansi la shule. Redio ina kikaratasi cha bei kinaning'inia kwa uzi. Mikono ya koti imemfunika mpaka vidole. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, wahenga walisema, na hii haikusitiri hata kucha.

Lakini Zenon, nyuma yake, kwenye ngazi, kuna mtu mwingine. Ameshika ukingo wa ngazi na anacheka. Anacheka vibaya, kichwa nyuma, meno yote nje. Shati jeupe, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unaonekana, na chini hana viatu! Ni nani anapiga pasi suruali namna ile halafu anasahau viatu? Nilimtazama mpaka na mimi nikaanza kucheka peke yangu, mama akaja kunishika paji la uso akidhani ni malaria.

Huyo ni nani?

Silvana

—

Sumbawanga,
15 Februari 1976

Binamu,

Wote wazima. Mahindi yamefika kiunoni.

Huyo wa nyuma ni wa nyuma. Alipita tu. Kamera yangu haina adabu, inachukua hata yasiyoihusu.

Silvana, usinibane. Mimi ni ndugu yako, lakini Leonardi ana funguo. Akiniambia kesho, "Zenon, toka," mimi ninarudi kwenye vumbi na shuka la maua. Huwezi kujua ile ni kitu gani, kumsubiri mtu mpaka asahau kwamba anapigwa picha. Wananyanyua macho kwenye ule mwanga, na mimi nipo. Katika maisha yangu sijapata kitu kizuri kuliko Jumamosi zile. Nikisema neno, nimezipoteza.

Picha kama huitaki, mrudishie mshenga. Kama unaitaka, kaa nayo. Mimi nisiwemo.

Zenon

—

Ilemba,
7 Machi 1976

Zenon,

Alipita tu, bila viatu, kwenye ngazi, amevaa kama bwana harusi. Haya.

Sikulaumu kwa kupenda kazi yako, na mimi naipenda yangu. Ila sikiliza shida iliyonipata. Nilitaka kuirudisha picha ya watu, kweli tena, nilikuwa nimeshaifunga kwenye karatasi. Mvua imebomoa barabara ya mlimani. Hakuna lori linaloshuka, linalopanda pia hakuna. Barua hii naipitisha kwa akina mama wanaopanda kwa miguu na samaki. Picha siwezi kuwapa, umesahau? Mkononi mwa mshenga tu. Na mshenga mwenyewe magoti yake hayashuki mlima ule.

Pasaka inakuja na picha ya mwanamume imekaa kwangu. Ikilala, nimeolewa na koti la kuazima.

Na kusema kweli yote, kila nikiifungua karatasi nihakikishe ipo, simtazami Leonardi. Namtazama mwenye kucheka. Unaona nilipofika! Kama una huruma hata ya kuku, niambie jina lake.

Silvana

—

Sumbawanga,
28 Machi 1976

Silvana wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Leo siulizi hali, sina muda. Yule mama wa samaki anateremka kesho alfajiri, na barua hii lazima aondoke nayo.

Jana Leonardi alikuja nyumbani kumwona baba. Nilikuwa nimekaa pembeni nasafisha kamera. Akasema barabara imekatika, picha itavuka Pasaka, Mungu mwenyewe amemsaidia. Halafu akasema ukishafika ataandika uachishwe ualimu, ukae kaunta, maana mwanamke msomi dukani anavutia wateja. Baba akajibu, "Sawa." Sawa, Silvana! Kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Leonardi akanigeukia mimi, akasema atataka nikupige picha ya kwanza pale chini ya ngazi, umeshika lile beseni jekundu.

Nilikasirika mpaka nikadondosha kifuniko cha lenzi.

Basi sikia. Wa ngazini anaitwa Lutengano. Ni fundi wa Ujenzi, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani. Ile ngazi aliitengeneza yeye. Siku ile alikuja amevaa vizuri ili nimpige picha amtumie mama yake, ambaye hajamwona tangu aje Rukwa. Leonardi akamwona, akamwambia, "Hebu niazime koti, dakika moja." Halafu saa. Halafu viatu. Lutengano si mtu wa kukataa. Viatu vikawa vikubwa, Leonardi akajaza magazeti ndani, na alipokwenda kusimama akatembea kama bata aliyeshiba. Ndipo Lutengano alipocheka, nami nikabonyeza. Filamu ikaishia hapo hapo. Picha yake hajapata mpaka leo. Iliyopo ni hiyo moja uliyonayo.

Na nilifanya jambo jingine, utanipiga. Nilimsomea ile sehemu yako ya malaria. Akauliza, "Anafundisha darasa la ngapi?"

Zenon

—

Ilemba,
2 Mei 1976

Binamu Zenon,

Milele amina, na Mungu akubariki kwa kuchelewa kuliko wote. Mama wa samaki aliumwa akalala njiani kwa dada yake, barua imenifikia Pasaka imepita na ngoma zimelia. Picha ililala.

Barabara ikafunguliwa, na lori la kwanza likamleta mshenga, amevaa kofia mpya, anatabasamu tangu mlangoni. Mama akamwekea kiti. Akasema, "Binti, naona mgeni wetu amelala." Nikasema, "Amelala, mzee." Akapiga makofi. Nikasema, "Lakini walikuwa wageni wawili. Aliyelala ni mmoja."

Nikatoa mkasi wa mama wa kushonea. Nikaikata picha mbele yake, taratibu, kuanzia juu kwenye dari mpaka chini. Nikampa Leonardi wake, na redio yake, na kikaratasi cha bei, na beseni. Kipande cha ngazi nikakiweka kwenye Biblia.

Mzee wa watu akakipokea. Akakigeuza kile kipande, akakigeuza tena. Akasema, "Tangu nianze ushenga sijaona. Jembe lilikuwa halikatiki."

Nikamwambia nasikitika kumchosha na safari. Mama alikuwa jikoni, namsikia anakohoa, na mama yangu hana kikohozi. Tulimpa mzee mchele na kuku wa njiani, akaondoka anatikisa kichwa, lakini nilimwona amecheka alipofika kwenye mti wa mbele.

Viatu vimebaki upande wa Leonardi. Sikuwa na namna ya kuvikata. Mwenyewe akamdai.

Naogopa, Zenon. Ujasiri wote uliishia kwenye mkasi. Mjomba akisikia itakuwaje?

Silvana

—

Sumbawanga,
16 Mei 1976

Silvana,

Amesikia. Mji mzima umesikia. Mshenga alipofika hakwenda kwa Leonardi moja kwa moja, alipitia kwenye pombe ya ulezi, na huko akaonyesha kile kipande kwa kila mwenye macho. Leonardi alipopewa picha yake, wasichana wa kaunta walikuwa tayari wameshapata habari, wamejificha nyuma ya mafagio wanabanwa na kicheko.

Akaniita. Akasema jicho langu limemtia aibu. Akaninyang'anya kibali changu cha Jumamosi na kunifungia mlango. Nilisimama nje nikatazama ndani kwa dirisha. Jua lilikuwa linaingia vile vile, Silvana, linayaangukia mabeseni. Niliumia, sikufichi. Niliumia kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Siku ya tatu nikaenda sokoni kununua vitunguu. Unalijua banda lile la zamani, mabati yana matundu ya misumari. Mwanga ulikuwa unashuka vijitivijiti juu ya malundo ya ulezi na maharage, na wale akina mama wanapepeta, vumbi limejaa nuru. Nilikimbia nyumbani kuchukua kamera. Hakuna wa kunishikia mlango pale, na kila mtu amesimama na kitu chake mwenyewe. Bibi wa kuku alikuwepo. Safari hii alisimama.

Kwa hiyo mimi nitapona. Wewe ndiye wa kuhofia. Nyumbani sukari imekatika, baba anakunywa uji kwa hasira. Amechukua kile kipande cha Leonardi na anateremka huko mwenyewe. Hajaniambia atasema nini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Lutengano nilimweleza. Alikaa kwenye benchi lake la useremala, randa mkononi, harandi chochote. Halafu akasema yeye si Mfipa, si Mkatoliki, na kwenu anajulikana kwa miguu tu. Anataka nimpige picha mpya, ya heshima, na viatu, aitume kwa mshenga kama watu wengine. Nifanyeje?

Zenon

—

Ilemba,
6 Juni 1976

Binamu Zenon,

Salamu za mama, salamu za darasa la nne, ambao hatimaye kuzidisha kumewaingia. Mpunga umevunwa. Nakuandikia nikiwa mzima, jambo ambalo wiki iliyopita sikuwa na hakika nalo.

Mjomba alifika jioni. Nikampigia magoti, shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikula kwanza. Alipomaliza kunawa akasema, "Nusu nyingine iko wapi?"

Nikaitoa kwenye Biblia, nikampa kwa mikono miwili. Akaitazama sana.

"Huyu hana viatu."

"Anavyo, mjomba. Viko kwenye ile nusu uliyokuja nayo."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kipande cha Leonardi, akaviunganisha viwili mezani, akasogeza taa. Alitazama miguu ile, halafu viatu vile, halafu mikono ya koti. Nikaona tumbo lake linaanza kutikisika. Alicheka, Zenon, mpaka mama akamletea maji. "Kumbe," akasema, "sukari yote ile nimekunywa kwa viatu vya mtu mwingine!"

Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Alipojifuta machozi akawa mkali kuliko alivyokuja. Akaniuliza kama najua Wanyakyusa wanaishi vipi. Akaniuliza huyo anasali wapi, nikamwambia Moravian, akaisogeza taa mbali. Nami nikamwambia yaliyonikaa moyoni: kwamba alisema "sawa" juu ya kazi yangu kabla ya kuniuliza, na kwamba neno lile limeniuma kuliko Leonardi na koti lake. Nililia, na sikutaka kulia. Nikamwambia mwanamume yeyote atakayekuja, awe Mfipa awe nani, swali la kwanza nitamuuliza la ualimu wangu, la kanisa litafuata.

Mjomba akasema, "Sijakubali." Akaenda kulala.

Asubuhi akaaga, akapanda lori la mchele. Nilipoingia ndani nikakuta kipande cha Leonardi hakipo, ameondoka nacho. Kile cha ngazi kiko mezani pale pale, amekiwekea kikombe juu kisipeperuke. Nikakimbia nacho mpaka barabarani, nikamwita, "Mjomba, umesahau picha!"

Akachungulia kutoka kwenye lori. "Mimi na umri huu wote," akasema, "nisahau picha kwa binti?" Akamgongea dereva waende.

Kwa hiyo mwambie Lutengano asipige picha nyingine. Aje.

Silvana